Supu ya kamba na ngisi ya Kisichuan (jimbo la China), ile ya kutia ganzi mdomo

Jamani hii supu watu wanaiogopa bure. Kazi yote iko kwenye maganda: ukimenya kamba usitupe maganda wala vichwa, vikaange kwenye mafuta na vipande vya tangawizi mpaka viwe vyekundu na jikoni kunukie, mwaga maji ya moto kama lita 1, chemsha dakika 20, chuja. Mambo ya kidonge cha mchuzi achana nayo.

Sufuria nyingine, mafuta na moto mdogo, tia vijiko 2 vya doubanjiang, ile pesti nyekundu ya pilipili na maharage yaliyochachushwa, maduka ya Wachina wanayo, ikaange taratibu maana ikiungua inakuwa chungu na hairekebishiki. Ongeza saumu na zile punje za Sichuan, ambazo wala sio pilipili, ni za ukoo mmoja na michungwa na ndimu, zenyewe zinafanya ulimi ufe ganzi kama umetoka kwa daktari wa meno. Mimina supu, soya sosi kidogo, chumvi onja kwanza sababu pesti ina chumvi kibao.

Ngisi na kamba mwisho kabisa, dakika 2 tu, ngisi akizidi hapo utatafuna mpaka kesho. Zima moto ndo utie siki nyeusi na kotimiri.

Kama kuna mtu hawezi pilipili mpunguzie pesti, ila punje ziache bwana, bila ganzi hiyo ni supu ya kamba ya kawaida tu.