Kitunguu Saumu Kabla ya Usingizi

Mwaka 1997, nikiwa mwanafunzi wa utabibu katika hospitali moja mjini Kigoma, nilikabidhiwa kwa mara ya kwanza bomba la sindano lenye thiopentoni, dawa ya usingizi, ili mimi mwenyewe nimlaze mgonjwa. Alikuwa mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, mtu wa makamo, ambaye bega lake liliteguka usiku alipoteleza akivuta wavu. Misuli ilikuwa imekaza kwa maumivu kiasi kwamba daktari alishindwa kulirudisha akiwa macho.

Unga ule naukumbuka kuliko uso wake: nusu gramu ya manjano hafifu ndani ya kichupa, niliyoiyeyusha kwa mililita 20 za maji. Mwalimu wangu, mtaalamu wa usingizi aliyekaribia kustaafu, alinitaka nihakikishe kwamba sindano imo ndani ya vena, maana dawa ile ni kali kama magadi na ikivuja huunguza nyama. Kwa kilo 60 za mgonjwa tulikubaliana miligramu 300, yaani mililita 12, na ziingie taratibu.

"Baba, anza kuhesabu," nilimwambia. Alipofika kumi na saba alisita, akauliza, "Mbona nasikia kitunguu saumu mdomoni?", akapiga mwayo, akanyamaza. Niligusa kope zake, hazikucheza. Mara kifua nacho kikatulia.

Nilikuwa nimeisukuma dawa kwa pupa. Mwalimu hakunifokea, aliinua kidevu cha mgonjwa, akabana barakoa usoni, nami nikaanza kuminya mfuko wa hewa huku nikiona shinikizo la damu likishuka kutoka 130 hadi 90. Bega liliporudi mahali pake kwa mlio mdogo, sikulifurahia hata kidogo. Baada ya muda ulionichosha kuliko zamu nzima, mgonjwa alivuta pumzi yake mwenyewe.

Jioni, kwenye baraza, mwalimu aliniuliza, "Mwanangu, dawa ile ilimzimaje?" Nilijibu kama nilivyokariri: babitureti, kundi la dawa ambamo thiopentoni imo, hurefusha muda ambao milango ya kloraidi, ile inayofunguliwa na gaba, kemikali ya kutuliza ubongo, hubaki wazi, na hivyo seli ya neva hushindwa kuamka. Alikubali, kisha akasema nimetaja mlango mmoja tu.

Akageuza fomu chakavu na kuchora ncha ya neva. Nje ya seli, alieleza, kalsiamu ni nyingi kuliko ndani kwa takriban mara elfu kumi. Umeme wa neva unapofika nchani, milango ya kalsiamu hufunguka, madini hayo huingia kwa kasi, na vifuko vilivyobeba kemikali ya ujumbe hupasukia nje kuelekea seli ya pili. Watafiti walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1970, kwa kutumia ncha za neva zilizotengwa maabara, kwamba babitureti hupunguza kalsiamu inayoingia. Vipimo vya baadaye vya mkondo wenyewe vilionyesha kwamba milango hiyo hufunguka, ila mkondo huwa mdogo na hufifia mapema. Ujumbe huondoka nusu nusu, au hauondoki kabisa.

Wapo wanaosema kwamba mlango wa gaba ndio wenye uzito zaidi katika kumlaza mtu, nami nakubaliana nao. Lakini sikupenda kwamba madaftari yetu yaliuacha huu wa kalsiamu kana kwamba haupo. Hata moyo hutegemea kalsiamu kila unapojikunja, na dawa hii huupunguzia nguvu, huku vena zikilegea na damu ikituama humo. Hapo ndipo nilipoielewa ile 90, na kwa nini dozi ileile, ikiingizwa polepole, ingeufikia moyo na ubongo ikiwa imechanganyika na damu nyingi zaidi.

Mvuvi alikuwa amezinduka dakika chache tu baada ya sindano, si kwa sababu dawa ilikuwa imekwisha mwilini, bali kwa kuwa ilikuwa imeuhama ubongo na kutawanyika kwenye misuli. Nilipopita wodini usiku alikuwa ameketi, mkono umefungwa kifuani, akiuliza kama kuna aliyeitunza karabai yake.