Nilivyokaa kibanda umiza nikiangalia watu badala ya skrini, kabla ya kushuti filamu yangu ya kutisha

Mwaka wa mwisho chuoni kwetu kila mtu anatoa filamu fupi isiyozidi dakika 10, na mimi tangu mwaka wa kwanza nilishajua yangu itakuwa ya kutisha. Ila kabla hujapewa kamera unapeleka kwanza utafiti, kwamba filamu za aina hiyo zina kanuni gani na watazamaji wako ni akina nani. Wengi ile kazi wanaimaliza usiku mmoja, na mimi nilitaka kuimaliza hivyohivyo, nikapeleka kurasa nne zimejaa maneno makubwa, zikarudi na sentensi moja tu pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hapa nani anaogopa?"

Hilo swali lilinikaa kichwani wiki nzima.

Nikaanza upya na filamu za wenzetu kwa sababu ndizo zimeandikwa sana. Nilichojifunza kwa mwongozaji John Carpenter na Halloween yake ya 1978 ni kwamba hofu haihitaji hela nyingi, ile filamu iligharimu kama dola laki 3 hivi, kinyago cha muuaji kilikuwa kinyago cha dukani cha Kapteni Kirk wa Star Trek wakakipaka rangi nyeupe, na muziki akapiga Carpenter mwenyewe. Halafu The Blair Witch Project ya 1999, watu watatu msituni na kamera zao, huyo mchawi mwenyewe humwoni mpaka filamu inaisha, na bado watu walijaa kumbi dunia nzima. Nikasoma pia alichoandika profesa mmoja wa Marekani, Carol Clover, kuhusu yule binti anayebaki hai peke yake mwisho wa filamu za visu, kwamba mtazamaji anaanza upande wa muuaji anamalizia upande wa yule binti. Nilikaa na hilo siku mbili tatu, lilinifungua macho kwamba kamera ikikaa kwenye jicho la nani, huyo ndiye tunayetembea naye.

Basi nikapata orodha yangu: nyumba ya peke yake, simu haina mtandao, vijana watano, mmoja mmoja anapotea. Nikaandika skripti nikamsomea dada yangu jikoni anachambua mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hao watoto kwao hakuna? Nani anaenda kulala porini kwa raha zake?" Nikajaribu kumweleza kwamba ndio kanuni ya hizi filamu, akaniambia kanuni ya nani, akaendelea na mchele wake.

Alikuwa sahihi kabisa. Kwetu porini si mahali pa mapumziko, nyumba ya peke yake karibu hakuna, mtaani ukikohoa jirani anasikia. Hofu yetu haitokani na kuwa mbali na watu. Inatoka ndani ya watu, kwa jirani, kwa ndugu, kwa mtu uliyekula naye.

Nikarudi kwenye za nyumbani. Bongo muvi za kutisha zipo tangu zamani, mwongozaji Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta miaka ileile bongo muvi inaanza kushika kasi, na watu wazima mtaani bado wanazitaja. Nilipoziangalia kwa makini niliona zina kanuni zake kamili: jini anayempenda binadamu, mganga, makaburi, deni la wazazi linalolipwa na mtoto. Halafu kuna msukule, mtu mnazika mnalia kumbe kachukuliwa, yuko shambani kwa mtu analima usiku hawezi kusema. Wenzetu wana zombi anayekula watu, wetu ni ndugu yako na ukimwona unaumia kuliko kuogopa, na hiyo nadhani ni hofu nzito zaidi.

Sasa watazamaji. Nilianza na fomu ya Google, nikaituma kwenye magrupu ya WhatsApp, swali la kwanza "Je, unapenda filamu za kutisha?" Karibu wote wakajibu hapana. Wengine waliongeza kwamba dini hairuhusu, wengine kwamba wao hawaogopi kitu. Ningeishia hapo ningesema filamu za kutisha hazina soko, lakini haohao ndio wanaotumiana klipu za mizimu saa sita usiku. Nikabadilisha swali: "Mara ya mwisho kuogopa kuzima taa ilikuwa lini, ulikuwa umeona au kusikia nini?" Hapo majibu yakaja marefu, ya sauti, mengine dakika tano. Kama unafanya utafiti wa namna hii chukua hilo, usimuulize mtu anapenda nini, muulize ilimtokea nini.

Jambo lililorudi sana kwenye yale majibu ni kuitwa usiku. Sote tumekatazwa tangu wadogo, ukisikia jina lako linaitwa nje usiku usiitike mara ya kwanza, ngoja, kama ni mtu kweli ataita tena. Bibi mmoja wa Pemba anayeishi mtaa wa pili kwetu alinisimulia habari ya mwaka 1995, ile ya Popobawa, jini aliyesemekana kuvamia watu usiku wakiwa wamelala, watu walivyotoka ndani wakalala nje pamoja uani na moto unawaka, mlango wa chumba uko wazi hakuna anayetaka kuingia. Aliposimulia alishusha sauti, na ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Pale nikajua naweza kutisha watu mchana.

Kibanda umiza, yaani kile kibanda cha mtaani cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio, nilikwenda Temeke, Dar es Salaam, jioni sita. Nilimweleza mwenye kibanda shida yangu akanikubalia, nikakaa mbele kabisa pembeni, mgongo kwa skrini, uso kwa watu. Mabenchi ya mbao, kuta za turubai, kiingilio shilingi 500, na filamu ina sauti ya dijei anayetafsiri juu yake. Nilikuwa na daftari na saa, kila watu wakishtuka naandika dakika, kisha narudia filamu nyumbani naangalia dakika ile kulikuwa na nini.

Nilitegemea wataruka pale muziki unapolipuka. Wanaruka kweli, lakini sekunde moja baadaye wanacheka, na wakishacheka hofu imetoka inabidi uanze kuijenga upya. Kitu kingine, watazamaji wetu wanaongea. "Usifungue! Huyu naye!" Mhusika akienda kuangalia kelele gizani peke yake wanamkasirikia, hawamwonei huruma tena. Ile kanuni ya "nani yuko hapo?" kwetu inaua filamu.

Walichoogopa kweli ni kimya. Jioni ya tatu kulikuwa na kipande mama anamwogesha mtoto, hakuna muziki, maji tu kwenye beseni, na nyuma pazia linasogea kidogo, dijei mwenyewe akanyamaza. Kuna dogo wa kama miaka kumi na miwili alikuwa mbele yangu anakula karanga, mkono ukabaki mdomoni, karanga haijaingia, macho hayapepesi. Niliandika: 41, kimya, karanga. Nikaichora mstari mara mbili.

Skripti mpya ikatoka humo. Binti yuko nyumba ya kupanga, umeme umekatika, anasikia anaitwa nje kwa jina lake la nyumbani, na sauti ni ya mama yake. Mama yake yuko ndani, kalala kitanda cha pili. Basi. Hapo hahitaji kuwa mjinga ili atoke, maana nani haitikii akiitwa na mama?

Kuna uamuzi mmoja niliufanya nauandika kwa uzito. Rasimu ya kwanza ilikuwa na bikizee mchawi, macho mekundu, kwa sababu ndiyo kanuni, ukimweka watu wanaelewa mara moja. Lakini nchi hii kuna vikongwe wameuawa Shinyanga, Mwanza na kwingineko kwa macho mekundu hayohayo, yaliyotokana na moshi wa kupikia miaka yote. Kuna ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa viungo kwa imani hizihizi. Mtazamaji wangu wa Temeke si kwamba anacheza na hilo wazo, kuna anayeliamini. Kwa hiyo nilimtoa bibi, hatishi mtu katika filamu yangu, na hakuna mtu yeyote anayetajwa mchawi. Mwenzangu wa kamera alibisha sana, akasema mwisho utakosa nguvu. Tulibishana siku mbili, mwisho akaelewa.

Utafiti ulinibadilishia mpaka mambo ya kiufundi. Niliwauliza wanaangalia wapi, wengi wakasema kwenye simu, ndani ya daladala au kazini mchana, bila earphone. Nikachukua kipande cha majaribio tulichokiona kizuri sana kwenye kompyuta ya chuo, nikakifungua kwenye simu ya bei rahisi juani: cheusi kitupu, unajiona sura yako tu. Tukaongeza mwanga, tukaweka kibatari karibu na uso ili angalau macho yaonekane. Na sauti nzito za chini tulizozihangaikia, spika ya simu haizitoi kabisa, ndiyo maana tukahamia kwenye sauti za juu juu, mlango wa bati, ndoo inayoburuzwa kwenye sementi, na ile sauti ya kuita. Sauti ya mama tuliirekodi mara nyingi, tukachagua ile ya upole kuliko zote, ya kuitia mtu chakula.

Filamu ilitoka dakika 9. Niliirudisha kibanda kilekile kabla ya kuipeleka chuo, safari hii nikakaa nyuma. Mwanzo kelele kama kawaida, kuna watu wanaagiza soda. Jina lilipoitwa mara ya kwanza mtu akasema "usiitike", wengine wakacheka. Mara ya pili hakuna aliyecheka. Kamera ikageuka taratibu kwenye kitanda cha pili, mama kalala, midomo imefunga, na jina likaitwa mara ya tatu.

Lekcha alisaini fomu bila kuandika kitu pembeni. Dada yangu aliiangalia kwenye simu, mchana, jikoni kwake, akanirudishia simu, kisha akaenda kufunga mlango wa uani.