Lumbu ana jina la Kigiriki

Jana jioni niko mwalo wa Kibirizi, Kigoma, namsubiri mama aanue dagaa. Binti wa dada yangu kakalia ndoo, kitabu cha baiolojia mapajani, analalamika: "Mjomba, haya majina yalitungwa ili tufeli." Nikacheka, maana mimi nilifeli kweli.

Nikamwandikia jina la kitaalamu la lumbu, aina ya dagaa wa Ziwa Tanganyika: Limnothrissa. Haya, likate! Limne kwa Kigiriki ni ziwa, thrissa ni samaki wa jamii ya dagaa. Dagaa wa ziwani, basi. Na limne hiyohiyo ndiyo imezaa limnolojia, elimu ya maziwa. Mtoto kaduwaa.

Tukahamia kwenye magonjwa. Hepatitisi: hepar ni ini, -itis ni uvimbe. Gastritisi? Akanidaka kabla sijamaliza: "Gasta ni tumbo!" (Ni gaster, ila nikamwachia.)

Mama, kimya muda wote, akauliza Wagiriki walimjuaje lumbu wetu. Nikamwambia hawakumjua, jina alilitunga Mwingereza, Charles Tate Regan, mwaka 1917.

"Wakati sisi tulishamwita lumbu," akasema, akaendelea kuanua.