Nilivyojifunza kumsoma Sugathakumari kwa Kimalayalam

Nilikutana na Sugathakumari, mshairi wa Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala nchini India, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi hapa Muscat, Oman, kwa tafsiri ya Kiingereza ya "Rathrimazha", shairi lake la mvua ya usiku. Mvua ile ni kama msichana mwenye wazimu: amejikunyata, analia, anacheka, anajisemea peke yake huku akitikisa nywele ndefu. Mbele kidogo inamfikia mgonjwa hospitalini, aliyekosa usingizi. Nimeshika zamu za usiku miaka mingi, na sijaona maneno yanayomjua mgonjwa wa saa nane za usiku kama yale.

Tafsiri haikunitosha. Wodini kwetu wauguzi wengi wametoka Kerala, nikamwomba mmoja, chechi wetu (ndivyo Wamalayali wanavyomwita dada mkubwa), anifundishe. Hakuanza na alfabeti. Alinipa rekodi ya shairi likighaniwa, nikasikiliza mpaka mistari ikaganda kichwani, ndipo akaniwekea maandishi, nifuate kwa kidole. Herufi zao ni za mviringo, na nyingine zikiungana hubadilika umbo kabisa. Nilizitambua kwa kuwa sauti zake nilikuwa nazo tayari. Nikitoka kazini nilipita mtaa wa Ruwi nikisoma mabango ya maduka ya Wamalayali.

Kilichonishikilia hasa ni maisha yake. Shairi lile limo katika diwani ya 1977. Mwaka 1985, baada ya kujionea hali ya wanawake katika hospitali ya wagonjwa wa akili Thiruvananthapuram, mji mkuu wa Kerala, alianzisha Abhaya, makao ya wanawake kama yule wa kwenye shairi! Kabla ya hapo alikuwa mstari wa mbele kuutetea msitu wa Silent Valley, hukohuko Kerala, usizamishwe na bwawa la umeme kwenye mto Kunthipuzha, na shairi lake la kuusifu mti lilisomwa mikutanoni. Mwaka 1984 msitu ukatangazwa hifadhi ya taifa. Mtu wa namna hiyo nilitaka kumsikia mwenyewe, bila mkalimani.

Korona ilimchukua Desemba 2020, akiwa na miaka 86. Sasa niko kwenye "Ambalamani", diwani yake ya 1981, nasoma polepole. Chechi amestaafu, yuko kwao Kerala. Nikikwama namtumia ujumbe wa sauti, naye hunirekebisha matamshi kwanza, maana baadaye.