Barua Inayosindikiza Akiba

Mpwa wangu alipozaliwa nilimfungulia akaunti ya akiba, kisha nikatambua kwamba zawadi hiyo haikuwa na sura: mtoto hawezi kuikumbatia, na atakapoipokea akiwa na miaka 18 ataona tarakimu tu. Hesabu yenyewe ni nzuri, kwa kuwa fedha zinazopata riba ya asilimia 6 kwa mwaka, riba hiyo ikijumlishwa kwenye mtaji, hufika takriban mara mbili baada ya miaka 12. Lakini hesabu haimwambii mtoto kwamba alipendwa. Ndiyo maana kila ninapoweka fedha huandika barua fupi yenye tarehe na kiasi, nikieleza jambo moja alilolifanya karibuni, kama vile siku alipopiga hatua tatu kunifuata, na kuibandika katika daftari pamoja na stakabadhi ya benki. Nimewaomba babu na bibi yake waandike pia, kwa mkono wao wenyewe, kwani mwandiko hubaki hata mwenyewe asipokuwepo. Sijaandika popote kwamba fedha hizo ni za masomo. Naona sharti la namna hiyo hugeuza zawadi kuwa deni. Nitamkabidhi daftari kwanza, akaunti baadaye.