Siku Moja Maishani Mwangu: Dada wa Meza ya Snuka, Kisumu

Saa moja asubuhi natoka Nyalenda kwa boda. Jirani akiniuliza ninakofanya kazi, nikisema ukumbi wa snuka, mchezo wa kugonga mipira kwa fimbo mezani, uso wake unajaza yaliyobaki: pombe, kamari, wanaume wa usiku. Basi leo niseme. Kazi yangu ni kutunza meza na kufundisha watu kulenga. Bia siuzi.

Saa mbili ni brashi, kisha pasi. Meza kamili ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, si zile ndogo za vibandani. Kitambaa chake ni cha sufu, na nyuzi zake zimelala kuelekea upande wa mpira mweusi, yaani ncha ya mbele ya meza. Brashi na pasi lazima zifuate upande huo huo, la sivyo umekiharibu. Hapa kwetu kuna na unyevu wa ziwa. Kitambaa kikinyonya unyevu mpira unakuwa mzito, ndiyo maana meza za mashindano makubwa huwekewa vipasha joto chini. Sisi tuna pasi na mikono yangu.

Kuanzia saa nne nilikuwa na vijana wawili wa chuo. Wanasikia, wanajaribu, wanalipa. Sina la kuongeza.

Saa sita na robo akaingia jaduong' mmoja, yaani mzee kwa Kijaluo, mstaafu, sanduku la fimbo kwapani. Mwanawe aliye ng'ambo alikuwa amemtumia kitaa cha leza cha kufunga kwenye fimbo, kinachochora mstari mwekundu juu ya kitambaa.

"Nyathina, mwanangu, leo sikosi."

Akalaza fimbo, mstari ukapita katikati ya mpira mweupe. Akagonga. Mpira wa bluu ukapiga mdomo wa shimo ukabaki nje.

"Fimbo imepinda."

Nikaibingirisha mezani. Imenyooka.

"Basi meza imeinama."

Nikaleta pimamaji. Kiputo kikatulia katikati. Akakitazama kama shahidi aliyehongwa.

Nikaondoa mipira yote, nikaacha mweupe peke yake kwenye alama ya mpira wa kahawia, upande wa nyuma wa meza. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote cha kununua: unaupiga mpira upite juu ya alama ya bluu, ya waridi na ya nyeusi, ugonge ukingo wa mbele, urudi. Ukiugonga katikati kabisa, unarudi njia ile ile hadi kwenye ncha ya fimbo. Ukiugonga kulia kidogo, unajizungusha, na ukitoka ukingoni unakimbilia kulia kwako. Wake ulirudi kulia. Tena kulia. Akasema ni unyevu. Nikaupiga mimi, ukaja mpaka kwenye ncha yangu. Akasema nimeizoea meza.

Omena yangu ilikuwa inapoa kaunta.

Nikalaza chupa tupu ya soda mezani, nikamwambia aingize ncha ya fimbo shingoni na kuitoa, taratibu, bila kugusa kioo. Kling. Kling. Vijana wa chuo wakacheka, naye akataka wafukuzwe. Jamani, nani amfukuze mteja anayelipa?

Leza haikumdanganya, na hilo ndilo lililomchosha kulielewa. Mstari unaonyesha fimbo imelala wapi kabla ya kugonga. Mkono unapokwenda mbele, kiwiko kikitoka nje, mstari nao unahama, na jicho haliwahi kuuona. Mimi kiwiko nakiona kabla mpira haujafika popote, lakini neno langu halina stakabadhi ya ng'ambo. Nikasimamisha simu yake upande wa mpira mweusi, ikamrekodi kutoka mbele. Alipotazama video mara ya kwanza alisema simu imekaa vibaya. Ya pili akanyamaza.

Ndipo nikamwambia anyooshe mikono, aunganishe viganja abakize kitundu, atazame saa ya ukutani kupitia hapo, kisha afumbe jicho moja baada ya lingine. Alipofumba la kushoto, saa ikapotea. Jicho lake kuu ni la kushoto, na miaka yote hiyo fimbo ameilaza chini ya la kulia!

"Sasa mimi ni mlemavu?"

Nikamwambia habari za Joe Davis wa Uingereza. Jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, akapitisha fimbo chini ya la kushoto, akatwaa ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1927 na 1946. Hilo lilimwingia kuliko yote niliyosema mchana kutwa. Tukasogeza kidevu, tukasogeza na mguu wa kulia, maana kichwa kikihama miguu haibaki. Chupa ikapunguza kelele. Mpira bado ulirudi kulia, ila karibu zaidi.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Mvua ilipiga mabati, stima ikakatika ikarudi, jamaa wa jioni wakaingia na dau zao na wa kwanza akaniita, "Dada, leta mbili baridi." Mgongo unauma kwa kuinama usawa wa macho ya watu. Nikapanga nyekundu 15, nikaandika pointi, nikapanga tena.

Jaduong' alilipia saa moja tu, eti nyingine zilikuwa za kubishana. Tukabishana na hilo pia. Akaongeza nusu, iliyobaki ataleta Alhamisi. Nimemwandikia saa tano, na leza aiache nyumbani.