Hofu ya kugusa akiba kwa ajili ya paa

Tuna akiba inayotosha kubadilisha mabati ya nyumba yetu hapa Katindo, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, na kwa muda mrefu akiba hiyo imeninyima usingizi kuliko mvua inayopenya darini. Ninawaandikia wenzangu wa Goma walio katika hali hii: watu waliojinyima, wakachanga kidogo kidogo katika likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, na sasa pesa imetimia lakini moyo unawaenda mbio kila wanapofikiria kuitoa.

Hofu hii haikuzuka bure, na sikubali iitwe ujinga. Baba yangu alikuwa mwalimu, na akiba yake ilikuwa noti alizozificha nyumbani. Desemba 1979, serikali ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ilipoziondoa ghafla noti za zaire 5 na 10, wananchi walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka, na sehemu kubwa ya jasho lake ikabaki makaratasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na kilichosalia kikayeyuka. Yeye alijifunza kwamba pesa hufa. Mimi nikajifunza kwamba nyumba nazo huzikwa, kwa maana tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika parseli, yaani viwanja, za watu tuliosali nao. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikakoma kabla ya kufika uwanja wa ndege, lakini matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta nyingi, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Sisi tulielekea mji jirani wa Sake pamoja na watoto. Mtu aliyelelewa kati ya mafunzo hayo mawili akiweka pesa anaogopa, na akijenga anaogopa.

Kilichoanza kunifungua macho ni hali ya mabati yenyewe. Moshi wa Nyiragongo na wa volkano jirani ya Nyamulagira hubeba gesi za salfa, klorini na florini, ambazo zikichanganyika na mvua huifanya kuwa na asidi, na asidi hiyo hula zinki ya bati hadi chuma kibaki wazi. Kwa hiyo bati jembamba la geji 32, ambalo wengi wetu hununua kwa sababu ya bei, hapa kwetu huchakaa upesi kuliko la geji 28, ambalo ni nene zaidi. Nilichukua daftari nikaandika tulichokuwa tukitumia kila msimu wa mvua: lami ya kuziba matundu, tripleksi (mbao za plaiwudi) mpya ya dari, godoro lililooza, dawa za kikohozi cha mtoto anayelala chini ya sehemu inayovuja. Nilipojumlisha nilishtuka. Akiba niliyodhani ninailinda ilikuwa inatoka kila mwaka, na hofu yangu haikuwahi kuuona mlango huo.

Hata hivyo, hesabu peke yake haikunituliza. Kilichonituliza zaidi ni mazungumzo na mume wangu, aliponiuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: «Mama Neema, hiyo pesa unaiwekea nini hasa?» Nilijibu kwamba ninaiwekea volkano, ugonjwa, karo, vita, uzee na paa. Hapo nikaona kwamba fungu moja nililikabidhi kazi ya kutukinga na kila baya linaloweza kutupata, na hakuna kiasi kinachoweza kutosha kwa kazi hiyo, hata kingekuwa mara kumi. Tuliketi tukatenga kwanza pesa ya kukimbia, yaani usafiri wa familia nzima, kodi ya chumba ugenini, chakula cha miezi mitatu na karo ya muhula mmoja. Hiyo haiguswi kwa ajili ya ujenzi, wala harusi, wala kilio cha ndugu yeyote. Tangu benki za mji zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, tumejua pia kwamba pesa ya kukimbia haifai kukaa mahali pamoja, na kwamba dola za mkononi zinahitaji kutunzwa kwa uangalifu, kwa sababu noti yenye mchaniko mdogo tu hukataliwa sokoni. Kilichobaki baada ya kutenga tulikiita pesa ya paa, na kwa mara ya kwanza niliweza kuifikiria bila kuona picha ya watoto wangu barabarani.

Iko hofu nyingine ambayo watu hawaisemi wazi. Paa jipya linang'aa, na kila apitaye katika avenyu anajua kwamba nyumba hii ina kitu. Katika mji ambao wezi wenye silaha huingia usiku, hofu hiyo ni ya haki kabisa. Sisi tuliamua kufanya upande mmoja kwanza, ule wa vyumba vya watoto, wakati wa kiangazi, na kununua mabati kwa mafungu bila kuyarundika uani. Shemeji yangu alipokuja kuomba msaada baada ya kuona fundi juu ya paa, nilimweleza ukweli kwa heshima, kwamba pesa imekwisha kuwa bati. Alielewa, ingawa hakufurahi.

Fundi tulimlipa kwa hatua, na makadirio yake tuliyapeleka kwa fundi wa pili ayasome kabla ya kununua chochote. Tulibakiza pia kiasi kwa ajili ya mbao, kwa kuwa hakuna ajuaye hali ya mbao mpaka bati la zamani lifunguliwe, na kweli baadhi zilikuwa zimeoza. Nilisisitiza mabati yafungwe kwa skrubu badala ya misumari ili yaweze kufunguliwa na kuhamishwa siku ikibidi. Wapo wanaodharau nyumba za mbao za Goma wakidhani ni umaskini mtupu, lakini mimi naona ndani yake busara ya watu wanaojua ardhi wanayoikalia, na skrubu zangu ni sehemu ya busara hiyo.

Siku ya kulipia mabati mikono ilinitetemeka, na nililipa hivyohivyo ikitetemeka. Upande wa pili utasubiri kiangazi kijacho, pamoja na mifereji ya kukinga maji ya kufulia, ambayo itatupunguzia bidoni za maji tunazonunua. Kwa sasa likelemba inaendelea, na zamu yangu ikifika, sehemu ya kwanza itaingia katika pesa ya kukimbia, kwa sababu bei za vyumba ugenini zimepanda tangu tulipofanya hesabu.